Miguu ya Kichanja

Wakati wa mavuno ya kahawa, asubuhi za kijiji cha Maguu huwa na baridi kali. Ukungu hujaa mabondeni hadi jua lipande. Katika nyumba ya mzee Stephano, mtu wa kwanza kuamka alikuwa binti yake Gaudiosa. Aliwasha moto, akabandika maji ya uji, akawaogesha watoto wa kaka yake na kuwavalisha sare za shule. Walipoondoka, alichambua maharage. Kisha alipukuchua mahindi. Kisha alifua. Yote hayo aliyafanya akiwa ameketi, au akijisogeza kwa mikono, kwa sababu miguu yake ilipooza tangu utoto.

Gaudiosa sasa alikuwa mwanamke mzima. Lakini mgeni yeyote alipouliza, "Na huyu binti yenu anafanya kazi gani?", Stephano alijibu, "Ah, huyu hana kazi. Si unamwona alivyo?"

Gaudiosa alisikia. Mikono yake ilikuwa imejaa povu la sabuni, na nguo za baba yake zilikuwa ndani ya beseni. Alisikia kila neno.

Uani kulikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendeshwa kwa mikono. Ililetwa na Klabu ya Huduma kutoka Mbinga mjini. Wanachama wake walikuwa wafanyabiashara na watumishi wa serikali. Tusiwaonee: klabu hiyo iliichimbia shule kisima cha maji safi, na ilipanda miti kando ya barabara. Lakini siku ile ya baiskeli hakuna hata mmoja aliyemuuliza Gaudiosa neno. Walimbeba kama mtoto mchanga, wakamkalisha juu ya kiti, mpiga picha akapiga picha. Mwenyekiti wao, Mzee Mansuetus, alikohoa kidogo, kisha akahutubia.

"Leo tumemkumbuka ndugu yetu asiyejiweza!"

Watu wakapiga makofi. Wageni wakala wali kwa kuku, wakapanda gari lao, wakaondoka.

Sasa, nyumba ya Stephano iko kwenye mteremko. Nyuma yake ni mlima. Mbele yake ni bonde. Mashamba yote ni ya ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isibebe udongo. Mbuzi wenyewe hupita pale kwa uangalifu. Baiskeli ya magurudumu matatu ipite wapi? Siku Gaudiosa alipoijaribu, ilimpeleka moja kwa moja hadi kwenye migomba ya jirani. Hakuijaribu tena. Kuku waliiona, wakaipenda, wakaanza kutaga kwenye kiti chake.

Kila mwaka klabu ilirudi kupiga picha nyingine. Kila mwaka Lukresia, mama yake Gaudiosa, alifukuza kuku na kufuta mavi yao kabla wageni hawajafika. Na kila mwaka Gaudiosa alikalishwa pale juu, akaambiwa atabasamu.

Miaka hiyo soko huria lilikuwa limeanza. Zamani kahawa yote ilinunuliwa na chama cha ushirika. Sasa wanunuzi binafsi waliruhusiwa. Walikuja na magari yao hadi barabarani, wakafungua magunia, wakachota kahawa kwa kiganja na kuichungulia.

Siku moja Stephano alirudi kutoka barabarani na magunia yake yote. Punda aliyeazima alikuwa amechoka, na mwenyewe alikuwa amechoka zaidi.

"Wameikataa," alimwambia mkewe. "Yule kijana wa gari jeupe ameikataa mbele ya watu. Amesema ni mchanganyiko. Punje nyeusi humo, zilizotobolewa na wadudu humo, zilizovunjika humo. Ameniuliza kama nimeanika kahawa au takataka."

"Nachambua peke yangu, baba Gaudiosa," Lukresia alisema. "Naamka na kahawa, nalala na kahawa. Mgongo umekufa."

"Najua."

Gaudiosa alikuwa karibu na jiko. "Baba," alisema, "niruhusuni mimi nichambue."

"Utachambuaje? Kichanja kinafika kiunoni mwa mtu aliyesimama. Wewe utakifikiaje?"

Hilo lilikuwa kweli. Kichanja ni meza ndefu ya miti, yenye mkeka wa mianzi juu yake. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa, huanikwa hapo ikauke. Watu huizunguka wakiigeuza na kutoa punje mbaya. Maguu nzima, vichanja vyote vilifika kiunoni. Gaudiosa akiketi chini, aliona miguu ya kichanja tu. Kahawa yenyewe hakuiona.

Usiku wa siku ileile, Stephano alikata shauri. Klabu ya Huduma ilikuwa inajenga nyumba mjini, iliyoitwa Nyumba ya Wasiojiweza. Watu wangekaa humo, wangelishwa na kuvishwa. Mzee Mansuetus alikuwa ameuliza kama Gaudiosa angekwenda.

"Baada ya mavuno, aende," Stephano alisema. "Siwezi kuendelea kulisha mdomo usiofanya kazi."

Gaudiosa aliyasikia hayo kutoka chumbani. Nani alipika ugali alioula baba jioni ile? Nani aliwalea wajukuu zake? Alitaka kutoka na kumwuliza. Lakini hakutoka. Alilia kwa hasira hadi akapitiwa na usingizi.

Juma lililofuata alikuja mgeni. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa koti zito na viatu vya matope. Lukresia alikuwa mlangoni.

"Shikamoo mama," mgeni alisema. "Mimi ni Bibi Maendeleo mpya. Naitwa Tumsifu."

"Milele, amina!" Lukresia aliitikia haraka, akasubiri aendelee.

Mgeni alicheka. "Hapana, mama. Si salamu ya kanisani. Ndilo jina langu. Mimi natoka Kilimanjaro. Tangu nihamishiwe Mbinga, nikijitaja tu, watu wananijibu milele amina."

Lukresia alicheka pia, akamkaribisha. Tumsifu alikuwa amejiunga na Klabu ya Huduma muda si mrefu. Klabu ilimtuma amwandae Gaudiosa kwa safari. Alikuwa amemletea kitenge.

"Hiki ni chako, mdogo wangu," alisema. "Utakivaa siku ya kuhamia nyumba mpya. Umefurahi?"

Gaudiosa alikitazama kile kitenge. Hakukipokea.

"Dada, naomba nikuulize," alisema. "Nani aliwaambia kwamba nataka kuhama?"

"Baba yako amekubali."

"Baba ndiye anayehama?"

Lukresia alishtuka. "Gaudiosa! Huyo ni mgeni!"

"Mama, niache niseme leo. Nimenyamaza miaka yote. Mmeniletea baiskeli. Mliniuliza? Hapa hata mtu mwenye miguu yake anateleza. Mmenipiga picha nimekaa juu ya mavi ya kuku. Mliniuliza? Sasa mmenijengea nyumba ya kukaa bure mpaka nife. Mliniuliza? Mnaniita asiyejiweza. Ninapika, ninafua, ninalea. Ni nani katika klabu yenu aliyewahi kufua nguo za watu wote wa nyumba hii kwa siku moja?"

Uso wa Tumsifu ulishuka kwa aibu. Alikikunja kile kitenge, akakirudisha mkobani.

"Una haki ya kukasirika," alisema mwishowe. "Hata mimi nimekuja na kitenge bila kukuuliza. Basi nakuuliza sasa. Unataka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Gaudiosa alilazimika kufikiri kidogo.

"Nataka kuchambua kahawa yetu," alisema. "Ilikataliwa kwa sababu mama yuko peke yake. Mikono ninayo, na macho ninayo. Lakini kila mtu anasema siwezi kwa sababu ya miguu yangu."

Aligeuka, akanyoosha kidole kuelekea uani.

"Miguu yangu haina neno. Tatizo ni miguu ya kile kichanja. Ni mirefu mno!"

Tumsifu alitoka nje. Alikizunguka kichanja. Aliinama akatazama chini yake, akasimama tena. Wakati huo Stephano alikuwa anarudi kutoka shambani.

"Shikamoo mzee," Tumsifu alisema. "Naomba nikuulize. Kwa nini kichanja chenu kina urefu huu?"

"Marahaba. Vichanja vyote viko hivyo. Ndivyo tulivyofundishwa na watu wa ushirika. Kiunoni, walisema."

"Walisema kwa nini?"

Stephano alikuna kidevu. Alikuwa amejenga vichanja vingi maishani mwake. Hakuwahi kuuliza kwa nini.

"Nitakuambia ninavyojua," Tumsifu alisema. "Kwetu pia tunalima kahawa. Kahawa ikianikwa chini, inanuka udongo na kuota ukungu. Kwa hiyo inainuliwa, hewa ipite chini yake. Hewa ndiyo muhimu. Kiuno ni kwa ajili ya mtu anayesimama, asiumize mgongo. Ni kipimo cha mtu, mzee. Hakikuwekwa kwa ajili ya kahawa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu akiwa anaketi, kichanja kipimwe kwa mtu anayeketi. Hewa itapita vilevile."

"Na kuku? Kikiwa kifupi, kuku watapanda."

"Mjenge uzio wa matete."

"Na atakizungukaje? Kichanja ni kirefu kutoka mwanzo hadi mwisho."

Gaudiosa alijibu mwenyewe kutoka mlangoni. "Wekeni benchi, baba. Benchi la kwenda sambamba na kichanja chote. Nitajisogeza juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kichanja kisiwe kipana. Mkono wangu ufike upande wa pili."

Stephano alitikisa kichwa. "Nikate kichanja kizima? Katikati ya mavuno? Na kahawa ikiharibika?"

"Imeshaharibika kwenye kichanja kirefu," Gaudiosa alisema.

Lukresia alifunika mdomo kwa khanga. Stephano alimtazama binti yake kwa hasira. Kisha akatazama yale magunia yaliyorudi, yamerundikwa ukutani. Hasira ikakosa pa kwenda.

"Kichanja kimoja," alisema. "Kimoja tu. Na kahawa yake ikikataliwa, unakwenda mjini na sitaki kusikia neno."

"Ikikubaliwa, nabaki," Gaudiosa alisema. "Na wewe usiseme tena kwamba sina kazi."

Stephano aliingia ndani, akatoka na msumeno.

Waliuondoa mkeka wa mianzi. Gaudiosa aliketi kwenye kigoda kando ya mguu wa kwanza wa kichanja, akanyoosha mkono wake mbele.

"Hapa," alisema.

Stephano aliweka alama ya mkaa mahali hapo. Kisha akakata. Vumbi la mti likamwagika chini. Alikata mguu wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Mguu wa nne ulipokatika, alisimama na kipande mkononi. Kilikuwa kipande kifupi cha mti, cha kuwashia moto tu. Alikigeuzageuza. Binti yake alikuwa amekaa chini ya kichanja kile miaka mingi, na kilichomzuia ni kipande hiki! Msumeno ulikuwa ndani ya nyumba siku zote. Watu walisafiri kutoka mjini na baiskeli ya chuma, na hakuna aliyefikiria msumeno. Hata yeye, baba yake, hakufikiria.

Alikitupa kile kipande kando ya jiko. Jioni ile alimpa Gaudiosa sahani ya kwanza ya ugali.

Kesho yake Stephano alikipunguza kichanja upana, akatengeneza benchi kando yake na kukizungushia uzio wa matete. Kazi ikaanza. Jirani yao Kilian alikuja kuzungusha mashine ya kumenyea kahawa, kama alivyofanya kila mwaka. Kilian hakusikia wala kusema, na kijiji kizima kilimwita Bubu. Kila mwaka alifanya kazi kutwa, jioni akapewa sahani ya chakula, basi.

Kahawa iliyomenywa na kuoshwa ilimwagwa juu ya kichanja kifupi ikiwa bado mbichi. Tumsifu alikuja kuonyesha.

"Chambua ingali na maji," alisema. "Ikiwa na maji, punje mbaya inaonekana haraka. Hii nyeusi, toa. Hii ina tundu la mdudu, toa. Hii imekatwa na mashine, toa. Hii bado ina ganda jekundu, toa, itaambukiza nyingine harufu. Kisha uigeuze mara kwa mara. Jua likiwa kali sana, ifunike, isije ikapasuka. Jioni ifunike tena kwa sababu ya umande."

Gaudiosa aliteleza juu ya benchi kutoka mwanzo hadi mwisho, na kurudi. Siku ya kwanza vidole vilimuuma. Siku zilizofuata viliizoea kazi. Lakini aligundua jambo. Punje nyingi zilizokatika zilitoka kwenye mashine. Alimwita Kilian kwa mkono, akamwekea punje zilizokatika kiganjani, akamwonyesha mashine. Kilian alielewa mara moja. Aliilegeza mashine kidogo, akamenya tena. Punje zikatoka nzima. Alicheka, akapiga kifua chake.

"Bubu ana akili!" Stephano alisema.

"Anaitwa Kilian," Gaudiosa alisema. "Na mwaka huu sahani ya ugali haitoshi. Kahawa ikiuzwa, apate fungu lake kama mfanyakazi yeyote."

"Umeanza kuwa bwana mkubwa!"

"Nimeanza kuwa mfanyakazi mwenye kazi, baba."

Kahawa ilipokauka, Stephano aliipeleka barabarani. Lukresia hakuweza kufanya lolote nyumbani. Alifagia ua, akaufagia tena. Gaudiosa aliketi kwenye benchi lake, kichanja kikiwa kitupu mbele yake. Alijiambia kwamba hana wasiwasi. Lakini mikono ilikuwa imeshikana na haikutaka kuachana.

Punda alirudi bila mzigo.

Stephano alimfunga punda kwanza. Kisha alikuja hadi kwenye benchi, akaketi kando ya binti yake. Hakuwahi kuketi pale.

"Yule kijana wa gari jeupe alichota kahawa," alisema. "Akachota tena katikati ya gunia. Akachota chini kabisa. Akaniuliza, nani amekuchambulia? Nikamwambia, binti yangu. Akasema, mwambie tunataka nyingine kama hii. Majirani walisikia. Wameniuliza kama utachambua na ya kwao."

"Ukawajibuje?"

"Nikawaambia sijui. Nikasema, nitamwuliza."

Gaudiosa aliinama asionekane uso. Machozi yalikuwa yanamtoka, na safari hii hayakuwa ya hasira.

Majirani walileta kahawa. Stephano alikata vichanja vingine, akaurefusha uzio wa matete. Kilian alimenya, na Gaudiosa alichambua na kusimamia. Akaja pia Kunigunda, mwanamke aliyepoteza mkono mmoja kwa moto. Yeye aliketi upande wa pili wa benchi na kuchambua kwa mkono uliobaki. Kila aliyeleta kahawa alilipa ujira baada ya kuuza, na walio kwenye benchi waligawana. Hakuna aliyefanya kazi kwa sahani ya chakula tena.

Mavuno yalipokwisha, gari la Klabu ya Huduma lilipanda mlima. Mzee Mansuetus alishuka na mpiga picha wake. Tumsifu alikuwa amewaeleza wenzake habari zote mkutanoni, lakini mwenyekiti alisema mbao za nyumba zimeshanunuliwa, na mpango ni mpango.

"Hodi hapa!" aliita. "Tumekuja kumchukua ndugu yetu asiyejiweza."

Stephano aliacha jembe lake. Alisogea hadi mbele ya mgeni, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," alisema. "Yuko Gaudiosa. Yuko Kilian. Yuko Kunigunda. Wako kazini pale. Unamtaka nani?"

Mzee Mansuetus alitazama. Watu watatu walikuwa kwenye benchi, wakichambua kahawa ya mwisho ya msimu. Mpiga picha aliinua kamera.

"Uliza kwanza!" Gaudiosa alisema kwa sauti kali.

Kamera ikashuka.

"Lakini, Gaudiosa," Mzee Mansuetus alisema, "sisi tulitaka kukusaidia. Baiskeli tulikupa kwa moyo mwema."

"Moyo mwema nimeuona, baba. Lakini moyo huo ulikuwa na mdomo wa kuhutubia, haukuwa na masikio. Mkitaka kutusaidia, leteni mbao zenu tujenge vichanja vifupi vijijini. Kilian anataka mashine ya pili. Kunigunda anataka mwavuli wa jua. Wenyewe wameeleza, Kilian kwa mikono. Na ichukueni baiskeli. Itafaa mahali tambarare."

"Tutaipeleka Lituhi," Mzee Mansuetus alisema. "Kuna mvuvi, Benno, naye miguu imepooza. Kule ziwani hakuna milima."

"Sawa. Lakini mwulizeni kwanza."

Walifukuza kuku, wakaipakia baiskeli garini, wakateremka.

Baada ya siku chache gari lilirudi. Mzee Mansuetus alishuka peke yake, bila mpiga picha. Baiskeli ilikuwa bado iko nyuma ya gari.

"Tulimwuliza," alisema, kama mtu anayekiri dhambi. "Amekataa. Anasema kule ni mchanga mtupu, magurudumu yatazama. Anataka kichanja kifupi cha kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani, ili auze samaki wakavu mwenyewe. Tuna mbao tayari. Nimekuja unieleze, tuzikate urefu gani?"

Gaudiosa alikuwa anafunika kahawa. Aliacha, akamtazama.

"Unaniuliza mimi?"

"Ndiyo. Wewe ndiye unayejua."

"Mimi najua urefu wangu, baba. Rudi Lituhi. Mwambie Benno aketi, anyooshe mkono. Pimeni hapo."

Mzee Mansuetus aliinamisha kichwa, akapanda gari lake, akateremka tena ziwani. Benno aliketi, akanyoosha mkono, na hapo ndipo walipopima.